Uchambuzi wa video kwenye tenisi ni nini hasa?

Mtu aliyekaa na ungo mapajani akichambua mchele hautazami mchele. Punje nzima anazipita tu. Jicho lake linasaka kijiwe, chuya na mdudu, basi. Akimaliza hawezi kukwambia mchele ulikuwaje kwa jumla, ila atakwambia ametoa vijiwe vinne. Neno uchambuzi limetoka huko, na ukilirudisha huko maana yake inakaa sawa.

Nimeanza na ungo kwa sababu hapa kwetu Tanga nimeona watu wengi wakijirekodi kwa simu wakicheza tenisi, kisha jioni wanakaa barazani, wanairudia video mara tatu huku wakicheka, wanasema wamejichambua. Hawajajichambua, wamejitazama. Kujitazama si kubaya, lakini hakuondoi kijiwe.

Uchambuzi wa video ni kurekodi pigo, kulisimamisha picha baada ya picha, na kuiuliza picha swali ambalo jibu lake linaonekana kwa macho. Bega limegeuka au bado? Raketi imekutana na mpira mbele ya mwili au ubavuni? Kisigino kiko chini au juu? Ukishapata jibu unabadili kitu kimoja, unarekodi tena kutoka mahali palepale, unalinganisha. Hiyo hatua ya kurekodi tena ndiyo inayorukwa na wengi, na bila hiyo kazi yote imebaki nusu.

Wapenzi wa mpira wa miguu wataifikiria VAR mara moja. Zinafanana kwa kusimamisha picha tu. VAR inamsaidia mwamuzi kutoa hukumu, ikishatoka mchezo unaendelea. Hata tenisi ina ya kwake: Hawk-Eye, mfumo ulioanzishwa na Mwingereza Paul Hawkins, ukatumika kwanza kwenye kriketi mwaka 2001, na mwaka 2006 wachezaji wa mashindano ya wazi ya Marekani wakapewa haki ya kuutumia kupinga uamuzi wa mpira kutoka au kuingia. Wimbledon, mashindano makubwa ya Uingereza, nao kuanzia 2025 hawana tena waamuzi wa mistari. Ila Hawk-Eye kazi yake hapo ni kusema mpira umeangukia wapi. Kwa nini uliangukia huko, hilo ni la uchambuzi ninaouzungumzia mimi, na simu moja inatosha.

Kwa nini jicho halitoshi? Simama barabara yoyote ya Ngamiani, hapa mjini kwetu, utazame baiskeli ikipita kwa kasi. Spoku zipo, unajua zipo, lakini unachokiona ni ukungu wa duara. Raketi ni hivyohivyo, na mbaya zaidi. Mpira unakaa kwenye nyuzi kwa takriban sehemu tano tu kati ya elfu moja za sekunde. Hakuna mwalimu duniani anayeona kitu hicho. Anaona kilichotangulia na kilichofuata, halafu uzoefu wake unajaza katikati. Mara nyingi anajaza sawasawa. Mara nyingine anakosea, nawe unakosea pamoja naye mwaka mzima.

Kamera ya simu kwa kawaida hupiga picha 30 kila sekunde. Zinasikika nyingi mpaka upige hesabu. Kichwa cha raketi kikienda kilomita 100 kwa saa, kati ya picha moja na inayofuata kinasafiri zaidi ya sentimita 90. Yaani picha hii raketi iko nyuma yako, ijayo imeshaupita mpira, na tukio ulilolitaka limeanguka katikati. Ukiiweka simu kwenye mwendo wa pole wa picha 240 kwa sekunde, mwanya huo unapungua hadi kama sentimita 12. Hapo unaanza kuona. Sekunde moja ya uwanjani inakuwa nane kwenye kioo.

Gharama yake ni mwanga. Picha 240 kwa sekunde maana yake kila moja inapata kipande kidogo mno cha muda kunywa mwanga, na kukiwa na giza inatoka nyeusi yenye chembechembe. Sisi tunaotoka kazini saa kumi hatuna muda mrefu. Ikikaribia saa kumi na mbili jioni rekodi za mwendo wa pole hazifai tena, hata kama macho bado yanauona mpira vizuri. Ndiyo maana siku za kurekodi tunaanza na kurekodi, mechi baadaye.

Kuhusu mahali pa kuweka simu, pako pawili panapolipa. Ubavuni mwa mchezaji, upande raketi iliko, kwenye mstari mmoja na pale mpira utakapogongwa, kimo cha kifua: hapo unaona kama unapiga mbele ya mwili au umechelewa, magoti yamekunjwa kiasi gani, raketi imepanda kutoka chini au imekata tu hewa. Nyuma ya mstari wa mwisho, juu kidogo, ukiining'iniza simu kwenye wavu wa uzio: hapo unaona mpira unaorushwa juu kwa ajili ya sevu, yaani pigo la kuanzisha mchezo, unaegemea upande gani, na miguu inavyohama. Kona ya uwanja, ambako kila mtu hupenda kuegemeza simu kwenye chupa ya maji, haitoi jibu lolote la uhakika. Ukiangalia kitu kwa mshazari, umbali unadanganya. Raketi iliyo ubavuni itaonekana iko mbele. Na simu isiguswe. Rafiki anayekushikia kwa mkono huku akikushangilia anakuharibia ulinganisho, ingawa nia yake njema.

Sasa nieleze lililonitokea mimi, maana ndilo lililonifundisha dhana hii kuliko maelezo yote.

Mwalimu wangu ni mzee wa makamo ya baba yangu, aliyeanza tenisi kwa kuokota mipira ya wakubwa. Kwa miezi mingi neno lake kwenye fohendi yangu, yaani pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, lilikuwa moja: "Mwanangu, unachelewa." Nami nikalijibu kwa mkono. Nikauharakisha. Nikawa napiga kwa haraka zaidi na bado nachelewa, na mipira ikizidi kwenda uzio wa kulia. Siku moja nikasema shikamoo, nikamwomba ruhusa, nikafunga simu kwenye kigingi ubavuni mwa uwanja. Akanirushia mipira ya kapu zima.

Jioni tukaisimamisha picha. Mpira ulipovuka wavu kuja kwangu, mabega yangu yalikuwa bado yanautazama wavu kama mtu anayesubiri daladala. Ulipodunda, ndipo yakaanza kugeuka. Tukahesabu kutoka kudunda hadi kugusa raketi: picha 96. Gawa kwa 240, unapata sehemu nne za kumi za sekunde. Ndani ya muda huo nilitaka kugeuka, kurudisha raketi, kushuka, na kupiga. Mkono haukuwa na kosa lolote, maskini. Ulikuwa ukilipa deni la mabega. Tukakubaliana jambo moja tu, mabega yaanze kugeuka mpira unapotoka kwenye raketi ya mwalimu. Hatukuongeza la pili. Rekodi iliyofuata ilikuta mabega yameshageuka mpira ukiwa bado juu ya wavu, na mkono ukarudi mwendo wake wa zamani, tena ukapiga mbele ya mwili.

Neno "unachelewa" lilikuwa la kweli tangu mwanzo. Ila halikusema ni nini kinachochelewa, na mimi nikachagua vibaya. Hapo ndipo thamani ya uchambuzi ilipo: kati ya unachohisi unafanya na unachofanya kuna pengo, na mwili hauna njia ya ndani ya kulijua. Ungeniuliza siku zile, ningeapa kwamba nageuka mapema.

Kwenye miguu pia picha zinasema. Mchezaji anayesubiri hufanya kiruko kidogo, miguu ikitua karibu na wakati mpinzani anapogonga mpira, ili asukumwe na ardhi kwenda kulia au kushoto. Kwa macho kiruko cha kila mtu kinaonekana kizuri. Weka simu nyuma, wachezaji wote wawili waonekane, kisha hesabu picha kutoka mpinzani anapogonga hadi miguu yako inapotua. Ukitua picha 40 baadaye, umechelewa sehemu ya sita ya sekunde, na huo ndio mpira unaousindikiza kwa macho.

Wanaopenda kujua kasi ya sevu wanaweza pia kuikadiria. Kutoka mstari wa nyuma hadi mstari wa mwisho wa boksi ambamo sevu hutakiwa kudunda, upande wa pili, ni mita 18 na kitu. Mpira ukidunda karibu na mstari huo baada ya picha 140, umetumia sekunde 0.58, sawa na wastani wa kilomita 113 kwa saa. Usijilinganishe na namba za kwenye televisheni. Zile hupimwa mpira unapotoka tu kwenye raketi, kabla hewa haijaupunguza. Binafsi naona hesabu hii ni ya kufurahisha wavulana. Haikwambii urekebishe nini.

Kuna pia uchambuzi wa mbinu, wa kumtazama mpinzani. Andre Agassi, bingwa wa zamani wa Marekani, ameeleza mara kadhaa jinsi alivyofungwa na Mjerumani Boris Becker mechi zao tatu za mwanzo, akakaa na kanda za video mpaka akagundua kwamba Becker, kabla ya sevu, alitoa ulimi, na upande ulimi ulikoelekea ulikuwa ukimwambia mpira unakokwenda. Kazi ngumu, anasema, ilikuwa kujizuia asiutumie ujuzi huo kila mara, Becker asije akashtuka. Mpaka wanastaafu walikutana mara 14, Agassi akashinda 10.

Hadithi tamu, ila isiwavute wanaoanza. Vilevile wasivutwe na mtindo wa kuweka video yao pembeni mwa ya bingwa. Bingwa ana urefu wake, mshiko wake, na mazoezi ya tangu utotoni. Utakachokiona ni kwamba hufanani naye, na hilo ulilijua kabla hujawasha simu. Linganisha Jumanne yako na Jumamosi yako.

Neno dogo kuhusu adabu. Video ya mazoezi si ya kuwekwa status. Wapo akina dada wanaocheza nasi ambao hawataki picha zao zizunguke mjini, na wapo watoto ambao wazazi wao hawajaulizwa. Uliza kwanza, tazameni pamoja, kisha futa. Ukiwa lazima umtumie mwalimu kwa WhatsApp, itume kama faili, la sivyo inabanwa na ile picha uliyoihangaikia inafika imefifia.

Nimalizie na kisa cha sevu. Tangu Mei, mpira ninaourusha juu ulikuwa ukikimbilia kushoto, juu ya kichwa, nami nalazimika kuufuata kwa kupinda mgongo. Kusi lilikuwa limeshika, likivuma kutoka baharini, na mimi nikawa namwambia kila mtu kwamba kusi linanisumbua. Mwalimu akanyamaza. Akaniambia tu nirekodi kutoka nyuma, mipira kumi nikiwa upande wa kusini wa uwanja nikitazama kaskazini, kumi nikiwa upande wa pili.

Nikafanya hivyo. Kiwanja chetu kimelala kaskazini na kusini, na kusi la hapa huja likitokea kusini-mashariki. Nikitazama kaskazini, upepo huo ungeusukuma mpira kushoto kwangu. Nikigeuka kutazama kusini, ungepaswa kuusukuma kulia. Picha zikasema mipira kumi ya kwanza ilikwenda kushoto tisa, na kumi ya pili ikaenda kushoto minane. Nikazitazama mara mbili, nikampelekea mzee simu.

Akazipitisha kwa kidole polepole, akanirudishia. "Kusi," akasema, "limesingiziwa mengi mji huu."