Goti "si shida" na mpaka wa asilimia 30

"Dada, goti si shida. Mgongo ndio unaniua."

Aliyeniambia hivyo alikuwa sajenti wa jeshi la Marekani, kijana wetu wa Afrika Mashariki, miaka minane kazini. Kazi yangu ni kuwashika mkono wanajeshi waliopelekwa MEB, bodi ya jeshi ya kutathmini afya, na maneno hayo nimeyazoea. Nikamwomba ainuke kitini. Alishika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili, akatanguliza mguu wa kushoto, wa kulia akauvuta nyuma yake kama mzigo. Kisha akatabasamu.

Njia yenyewe iko hivi. MEB ni madaktari. Wao husema tu kama bado unatimiza viwango vya afya vya kubaki jeshini. Ukishindwa, faili linapanda PEB, bodi ya pili ya jeshi, na huko ndiko huamuliwa kama unaweza kuendelea na kazi yako. Tangu majaribio ya utaratibu huu yaliyoanza 2007, VA, wizara inayohudumia waliowahi kuwa jeshini, ndiyo inayokupima na kutoa asilimia za ulemavu, na jeshi linatumia asilimia hizohizo. Wengi hupotea hapa: VA hulipia kila maradhi yaliyotokana na utumishi, ila jeshi huhesabu yale tu yanayokuzuia kufanya kazi. Ndiyo maana mtu huwa na 70 VA na 20 jeshini, na hakuna aliyekosea hesabu.

Mpaka ni 30. Kama hujafikisha miaka 20 ya utumishi na jeshi likakupa chini ya hapo, unaondoka na malipo ya mkupuo: mshahara wa msingi wa miezi miwili kwa kila mwaka uliotumikia. Kiswahili tungeyaita kiinua mgongo, neno la kejeli kwa mtu aliyeumia mgongo. Na mara nyingi VA hukata fedha inazokulipa mpaka malipo hayo ya mkupuo yarudi. Ukifika 30 unastaafishwa: pensheni ya kila mwezi, na TRICARE, bima ya jeshi, kwako, kwa mwenzi wako na watoto.

Mkiniuliza mimi, bima ndiyo mali. Aliyestaafishwa kabla ya miaka 20 hukatwa pensheni dola kwa dola kwa kile anacholipwa na VA, na wengine humezwa yote. Walioumia vitani wana malipo maalumu ya kufidia, lakini lazima wayaombe wenyewe.

Turudi kwenye goti. Asilimia hizi hazijumlishwi kama bei za sokoni. Mgongo wake ulipewa 20, kwa hiyo alihesabiwa mzima kwa 80. Goti la 10 linachukua sehemu ya kumi ya hizo 80, yaani 8. Jumla 28, inasogezwa kwenye kumi la karibu: 30. Goti lile lilikuwa limebeba bima ya watoto watatu.

Tatizo, miaka minane alikwenda kliniki kwa ajili ya goti mara moja tu, akapewa vidonge. Tumelelewa kujikaza, na jeshi nalo linampenda anayejikaza mpaka siku ya kufungua faili. Jibu la kwanza la PEB, linalotolewa kwa makaratasi bila kukuona, lilikuwa 20, mgongo peke yake. Tayari alikuwa ameshika kalamu akubali.

Nikampeleka kwa wakili wa jeshi, ambaye halipwi na mwanajeshi hata senti. Wakaomba kusikilizwa ana kwa ana. Mkuu wake akaandika kwamba hawezi kupiga goti wala kuruka kutoka kwenye lori, na kazi yake ilikuwa matengenezo ya malori. Sentensi moja, lakini inagusa kazi, si maumivu, na PEB husoma kazi.

Mkewe naye aliandika maelezo. Mume angetosheka na mstari mmoja. Mama watoto alijaza kurasa mbili, kuanzia mto anaouweka chini ya goti lile kila usiku. 30 ikatoka.