Kabla ya kuita fundi wa rampu, itazame ratiba

Chuo kikitaka kuonyesha kwamba kinawajali wanafunzi wenye ulemavu, hujenga rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitia mahali penye ngazi. Zege likishakauka hupigwa picha, mgeni rasmi hukata utepe. Mimi ni msanifu majengo, kazi yangu kubwa ni kukagua majengo ya taasisi hapa Mwanza, na siwezi kuzibeza rampu kwa sababu ndizo zinazonilisha. Hata hivyo nikifika chuoni huomba kwanza nionyeshwe ratiba ya vipindi.

Tuanze na hesabu. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani kwa kiti mwendo ni 1 kwa 12, yaani ukipanda sentimita 1 uwe umekwenda mbele sentimita 12. Baraza la ngazi tatu, kila moja ya sentimita 15, lina kimo cha sentimita 45. Rampu yake basi ni mita 5.4. Mafundi wetu wengi huimaliza kwa mita moja na nusu, kwa sababu hapo ndipo nafasi inapoishia. Mteremko wa namna hiyo unafaa kushushia magunia ya mpunga. Mwenye kiti mwendo atasukumwa na watu wawili akipanda, na akishuka peke yake atatangulia uso.

Ghorofa ya kwanza je? Sakafu hadi sakafu ni kama mita 3.2, kwa hiyo rampu itazidi mita 38, na bado hujaweka vituo vya tambarare vya kupumzikia. Ukiviweka unakaribia mita 44. Kwenye uwanda hilo lingewezekana. Mwanza majengo yamejipenyeza katikati ya majabali, na jabali la graniti halisogei kwa sababu kamati imekaa. Kulipasua ni gharama, iwe kwa mashine au kwa ule utaratibu wa zamani wa kuliwashia moto mpaka lipasuke. Lifti nayo inataka umeme wa uhakika, jenereta na fundi wa matengenezo atakayeitwa akaja.

Ndiyo maana nauliza ratiba. Kama darasa lina mwanafunzi mmoja asiyeweza kupanda ngazi, vipindi vyake vyote vihamie vyumba vya chini, wenye miguu wapande juu. Hakuna mfuko wa saruji unaohitajika. Kinachokwamisha ni kwamba anayepanga ratiba hajui yupo nani. Fomu ya usajili huuliza, "Je, una ulemavu?", ndiyo au hapana, kisha jibu linalala kwenye faili la udahili. Na wengi hujibu hapana. Mwenye uoni hafifu hajioni kuwa mlemavu. Mwingine anaogopa kunyimwa nafasi. Uliza badala yake anachoweza: unapanda ngazi? Unasoma maandishi ya kawaida? Unasikia mtu akiongea ukumbini? Sensa ya 2022 iliuliza watu juu ya ugumu wa kuona, kusikia, kutembea na kadhalika, ikapata kwamba asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Ukiambiwa chuo chenye maelfu ya wanafunzi kina wanne tu wenye ulemavu, ilaumu fomu kwanza.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna jambo la kwetu pia. Mwanafunzi mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu ambao miwani haiumalizi, na mwanga mkali unamuumiza macho. Wasanifu tunapenda madirisha mapana yanayotazama ziwa. Ukibandika ubao katikati ya madirisha mawili ya aina hiyo, mchana yeye haoni kitu hata akikaa mstari wa mbele. Uhamishe ubao kwenye ukuta usio na dirisha, mruhusu aupige picha kwa simu aikuze, na mtihani wake uchapwe kwa herufi za ukubwa wa 18. Mafunzo ya nje yafanyike asubuhi mapema. Halafu kuna usiku. Mauaji ya watu wenye ualbino ya miaka ya 2007 na 2008 yaliitikisa kanda hii, na mzazi anayemleta mwanawe chuoni leo anayakumbuka. Kipindi kinachoisha saa mbili usiku, kisha njia ya giza hadi kwenye bodaboda, kwake hakikubaliki. Ratiba tena.

Kwa wasioona, kizuizi kikubwa wala si cha ujenzi. Ni noti zilizopigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp, au kitabu kilichoskaniwa stesheneri. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, husoma hata Kiswahili, kwa sauti ya kiroboti kidogo. Picha haiisomi hivi hivi. Mhadhiri ana jaribio rahisi: fungua faili, jaribu kuchagua neno moja. Likikataa kuchagulika, umetuma picha. Tuma lile faili uliloandika mwenyewe.

Viziwi wanahitaji wakalimani wa lugha ya alama, tena wawili wa kupokezana kwa mhadhara mrefu, maana mikono na akili huchoka. Hapa sina njia ya mkato: ni fedha, na iwekwe kwenye bajeti. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ipo. Ofisi ya mipango isiifanye hisani.

Na vyoo. Mara nyingi kipo kimoja chenye alama ya kiti mwendo, ufunguo uko kwa mlinzi, ndani mna ndoo na mafagio. Mlango ufungukie nje, uwe na upana wa sentimita 90, ndani pabaki duara la mita 1.5 la kugeuzia kiti. Ndoo zitafutiwe stoo.