Je wajua kwa nini mchungaji wa Marekani hakatwi kodi kwenye hela ya nyumba?

Jumapili moja baada ya ibada ndugu mmoja alinivuta pembeni akaniuliza, hivi ni kweli mchungaji wetu hakatwi kodi kwenye hela ya nyumba anayopewa na kanisa wakati sisi tunakatwa mpaka ovataimu? Mimi ni mhazini wa kanisa dogo la wanaoongea Kiswahili huku Marekani, ukumbi tunaazima saa nane mchana wenyewe wakishamaliza ibada yao, na swali hili naulizwa kila mwaka msimu wa kujaza fomu za kodi ukifika. Ni kweli. Ila ngoja uone hesabu yote.

Kwanza tuelewane, maana kodi ya serikali tunaiita kodi na kodi ya nyumba nayo tunaiita kodi, kwa hiyo hapa ya mwenye nyumba nitaiita pango.

Sheria yenyewe ni kifungu cha 107 cha sheria ya kodi ya mapato ya Marekani. Ilianza 1921, wakati huo makanisa mengi yalikuwa na nyumba ya mchungaji palepale jirani na kanisa, kama vile kule kwetu nyumbani unavyokuta nyumba ya mapadri pembeni ya parokia, na serikali ilipotaka kuhesabu ile nyumba kama mshahara, Bunge likasema hapana. Sasa tatizo likawa kwa makanisa yasiyo na uwezo wa kununua nyumba, yanampa mchungaji hela akapange mwenyewe, hela hiyo inakatwa kodi, na mchungaji mwenzake anayekaa nyumba ya kanisa hakatwi. Ndo mwaka 1954 wakaongeza kipengele cha pili, kwamba hata hela taslimu ya nyumba haihesabiwi kwenye kodi ya mapato. Mbunge aliyekipigania, Peter Mack wa Illinois, alikiunganisha na mambo ya wakati ule, vita baridi, kwamba viongozi wa dini wanastahili kusaidiwa dhidi ya nguvu zinazompinga Mungu. Sheria imeandika "mhudumu wa injili" ila marabi na maimamu nao wanaipata.

Watu wanadhani mchungaji anajiandikia kiasi anachotaka. Sivyo. Unachukua viwango vitatu, kile kilichopangwa na kanisa kabla, kile alichotumia kweli kwenye nyumba, na pango ambalo nyumba hiyo ingeingiza sokoni ikiwa na fenicha pamoja na bili za umeme na maji, halafu kile kidogo kuliko vyote ndicho kisichokatwa kodi. Hicho kiwango cha tatu kiliingizwa kwenye sheria 2002 baada ya kesi ya mchungaji Rick Warren wa kanisa la Saddleback kule California, yeye alikuwa akitumia zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka kwenye nyumba na IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, wakasema imezidi, mahakama ya kodi ikampa ushindi mwaka 2000, kufika rufaa majaji wakaanza kujiuliza wenyewe kama sheria yote inaenda na katiba. Bunge likashtuka, likapitisha marekebisho haraka na kesi ikaishia hapo.

Neno la kushika hapo ni "kabla". Mwaka wetu wa kwanza hatukulijua, wazee tulikaa kikao mwishoni mwa Machi ndo tukaandika posho ya nyumba dola 1,600 kwa mwezi, kumbe Januari, Februari na Machi zimeshapotea, huwezi kurudi nyuma, dola 4,800 zikahesabiwa mshahara wa kawaida. Iliniuma sana maana uzembe ulikuwa wetu na aliyeumia ni yeye. Siku hizi kila Desemba kwenye daftari la muhtasari naandika mstari mmoja tu: "Baraza limekubali kwamba kwenye malipo ya mchungaji ya mwaka ujao, dola 20,000 ni posho ya nyumba." Tarehe, sahihi za wazee, basi. Na mchungaji mwenyewe ana boksi la viatu la risiti, pango, bima, umeme, mpaka risiti ya pazia, kwa sababu asichokitumia kwenye nyumba anakirudisha kwenye mapato.

Sasa hesabu. Chukua mchungaji mwenye mke, hawana watoto wadogo, mke hana kazi, kanisa linamlipa dola 48,000 kwa mwaka na 20,000 kati ya hizo ni posho ya nyumba. Zinabaki 28,000. Mwaka 2024 punguzo la kawaida kwa wanandoa, yaani kiasi cha mapato kisichokatwa kodi, lilikuwa 29,200, kwa hiyo kodi ya mapato ni sifuri. Bila posho angelipa kama dola 1,500 hivi, yaani faida yake yote ni hiyo. Ila sheria hiyohiyo ya Marekani inamhesabu mchungaji kama mwajiriwa kwenye kodi ya mapato na kama mtu aliyejiajiri kwenye Social Security na Medicare, yaani makato ya pensheni ya serikali na matibabu ya uzeeni, na huko posho ya nyumba inahesabiwa yote. Analipa asilimia 15.3 peke yake, inapigwa kwenye asilimia 92.35 ya mapato yake, kwake ni karibu dola 6,780. Wewe unayefanya kazi kwenye ghala kwa mshahara huohuo unakatwa kama 3,670, nusu nyingine analipa bosi wako. Na yeye hakuna wa kumkata kila wiki, anatakiwa atume mwenyewe mara nne kwa mwaka, Aprili, Juni, Septemba na Januari, na asiyejua huwa anajikuta na deni kubwa pamoja na riba.

Kwa hiyo anayefaidika sana na hii sheria ni mchungaji mwenye mshahara mkubwa na nyumba ya bei, tena mwenye mkopo wa nyumba anaruhusiwa kutoa na riba ya mkopo kwenye kodi ingawa alilipa kwa hela ambayo haikukatwa. Kwa maoni yangu hapo pamekaa vibaya, msaada uliotungwa kwa ajili ya kanisa maskini unamfikia kidogo sana mchungaji wa kanisa maskini.

Wapo waliotaka ifutwe kabisa. Freedom From Religion Foundation ya Wisconsin, shirika linalotaka dini itenganishwe na serikali, walishinda mara mbili mbele ya Jaji Barbara Crabb, 2013 na 2017, mara ya kwanza rufaa ikasema hawana haki ya kushtaki, mara ya pili, Machi 2019, mahakama ya rufaa ya Chicago ikasema sheria ni halali kwa sababu hata wanajeshi na wafanyakazi wengine wanaolazimika kukaa karibu na kazi wana nafuu za nyumba zinazofanana. Hawakuendelea juu zaidi.

Mchungaji akistaafu mfuko wa pensheni wa dhehebu lake unaweza kuendelea kumwandikia sehemu ya pensheni kama posho ya nyumba, na hapo ile 15.3 haimgusi tena. Akifariki, mke wake hairithi. Mama amekaa kwenye huduma miaka 40, amepokea wageni wa kanisa sebuleni kwake usiku na mchana, nyumba ni ileile na bili ni zilezile, lakini pensheni inayokuja kwa jina lake haina tena posho ya nyumba ndani yake.