Je, wajua kwa nini namba ya mashine hufika kwenye dashibodi bila maana yake?

Kwenye skrini ya wasimamizi wa kiwanda kuna kisanduku cha kijani chenye namba 72, na juu yake pameandikwa "Pampu 3". Meneja anaridhika. Mchambuzi anaichukua namba hiyo, anaitia kwenye programu yake ya takwimu, na ripoti inatoka. Lakini 72 nini? Nyuzi joto, asilimia, au mita za ujazo kwa saa? Ni ya sasa hivi, au ni ya jana kabla mtandao haujakatika? Kihisi kimeipima kweli, au ni programu iliyojaza pengo?

Wengi hudhani kuunganisha mitambo na dashibodi ni suala la kuvuta waya na kununua programu. Waya ndiyo sehemu rahisi. Kinachosumbua ni kwamba kihisi hutoa ukubwa tu. Kizio cha kipimo, saa, mahali na hali ya kihisi chenyewe hudondoka njiani, kituo baada ya kituo, mpaka mtu aamue kwa makusudi kuvirudisha. Tuifuate safari hiyo tangu mwanzo.

Waya unaojua kusema "nimekatika"

Kipima joto kinachotumika sana viwandani huitwa Pt100. Ndani yake mna platini ambayo ukinzani wake ni omu 100 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, na karibu omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo chenyewe hakipimi joto moja kwa moja. Kinachobadilika ndani yake ni ukinzani. Kifaa kilicho jirani hugeuza ukinzani huo kuwa mkondo wa umeme wa kati ya miliampea 4 na 20, na mkondo huo ndio unaosafiri hadi chumba cha udhibiti.

Kwa nini mkondo na si volti? Volti hupungua kadiri waya unavyorefuka, ilhali mkondo katika mzunguko mmoja ni uleule mwanzo hadi mwisho. Na kwa nini kuanzia 4, si 0? Hapa wahandisi wa zamani walifanya jambo la busara ambalo wajenzi wengi wa dashibodi za leo wamelisahau. Kama kipimo cha chini kabisa kingekuwa miliampea 0, tangi tupu na waya uliokatika vingesomeka sawasawa. Kwa kuanzia 4, tangi tupu husoma 4 na waya uliokatika husoma 0. NAMUR, umoja wa viwanda vinavyotumia teknolojia ya udhibiti, hasa vya kemikali, una pendekezo liitwalo NE 43 linalosema kwamba mkondo wa miliampea 3.6 kushuka chini, au 21 kwenda juu, uhesabiwe kuwa ni hitilafu na si kipimo.

Angalia sasa jinsi akili hiyo inavyopotea. Mkondo unafika kwenye kompyuta ya mashine, unageuzwa kuwa asilimia, na mwandishi wa programu, kwa kutotaka kuona namba hasi kwenye skrini, anaamuru kila kilicho chini ya sifuri kionyeshwe kama sifuri. Basi. Waya uliokatika umekuwa tena tangi tupu.

Kabati la visanduku visivyo na majina

Kompyuta hiyo ya mashine huitwa PLC. Wazo lake lilizaliwa Marekani mwaka 1968, na mmoja wa waanzilishi wake, Dick Morley, alishiriki kutengeneza Modicon 084, iliyochukua nafasi ya makabati yaliyojaa rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, katika utengenezaji wa magari. Mwaka 1979 Modicon walitoa itifaki ya mawasiliano iitwayo Modbus, na hadi leo ingali hai katika mita za umeme, pampu, majenereta na mitambo ya kupooza hewa. Imedumu kwa sababu ni nyepesi na haina masharti mengi ya kuitumia.

Wepesi huo una gharama yake. Modbus hujua rejista tu, yaani kabati la visanduku vyenye namba lakini visivyo na majina. Kila rejista ina biti 16, kwa hiyo hubeba namba kamili kutoka 0 hadi 65,535. Ukiuliza rejista fulani, utajibiwa mathalani 253. Huenda ni nyuzi 25.3 zilizozidishwa kwa 10 ili kukwepa desimali, huenda ni volti 253. Itifaki haisemi. Maelezo yako kwenye kitabu cha mtengenezaji, na kitabu mara nyingi hakipatikani.

Kuna mtego mbaya zaidi. Namba yenye desimali kwa kawaida huhitaji biti 32, hivyo hugawanywa katika rejista mbili. Watengenezaji hawakukubaliana ni nusu ipi itangulie. Nyuzi 25 kamili, kwa mfano, huhifadhiwa kama 16,840 katika rejista moja na 0 katika nyingine. Ukizisoma kwa mpangilio sahihi unapata 25. Ukizigeuza unapata namba ndogo mno, yenye sifuri 40 baada ya nukta kabla ya tarakimu ya kwanza, na dashibodi itaandika 0.00 bila kulalamika. Laiti ingeonyesha upuuzi wa wazi, mtu angeshtuka.

Ili kuepuka kila programu kujifunza lugha ya kila mashine, makampuni yalikubaliana mwaka 1996 juu ya kiwango cha OPC, kilichotegemea teknolojia ya Windows. Mwaka 2008 kikaja OPC UA, kisichofungwa kwenye mfumo mmoja wa kompyuta. Kwangu mimi, faida kubwa ya OPC UA haiko kwenye kasi. Iko kwenye ukweli kwamba kila kipimo huambatana na saa ya kupimwa na alama ya ubora: ni kizuri, kibovu, au cha mashaka. Ile hekima ya miliampea 4 imerudi, safari hii katika sura ya data.

MQTT, itifaki nyingine ya mawasiliano, ina asili tofauti. Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper waliibuni mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia bomba la mafuta kupitia setilaiti, ambako kila baiti ililipiwa. Badala ya kituo kikuu kuuliza kila kifaa "una jipya?" tena na tena, kifaa chenyewe hutuma habari kwenye seva ya kati, na wanaozihitaji huzipokea hapo. Hata kikifa ghafla, seva hutangaza ujumbe wa mwisho ambao kifaa kiliuacha mapema. Hata hivyo MQTT yenyewe haijali kilichomo ndani ya ujumbe. Timu mbili zikiandika ujumbe wao kila moja kivyake, tumerudi kwenye kabati letu. Ndiyo maana pakabuniwa Sparkplug, makubaliano ya namna ya kuupanga ujumbe huo.

Usalama nao unastahili neno, japo fupi. Viwanda hutenga mtandao wa mashine na ule wa ofisi, na kati yao huweka eneo la katikati ambako data hunakiliwa ili isomwe na watu wa nje bila wao kugusa mitambo. Penye hatari kubwa hutumika kifaa cha nyuzi za mwanga chenye kitoa mwanga upande mmoja na kipokezi tu upande mwingine. Data hutoka, amri haiwezi kuingia hata mtu akitaka. Baada ya Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010 ikiwa imelenga vidhibiti vya mashine, hakuna aliyebaki akiiona tahadhari hiyo kuwa woga.

Muda unapobanwa

Kihisi kinachotoa kipimo kila sekunde hutoa vipimo 86,400 kwa siku. Kiwanda chenye vihisi 10,000 kinafikia milioni 864 kwa siku. Hifadhi maalumu za data za viwandani hazitunzi vyote. Hutumia mbinu ya kuacha: kama joto linapanda kwa mstari ulionyooka, zinaweka mwanzo na mwisho wa mstari na kutupa pointi za katikati. Mchambuzi akiomba data, programu huchora upya mstari kati ya pointi hizo mbili.

Kwa macho, grafu ni ileile. Kwa hesabu, sivyo. Vipimo vilivyojazwa ni vitulivu kuliko vilivyopimwa, na anayetafuta mtikisiko mdogo unaotangulia kuharibika kwa mashine anautafuta mahali ulikofutwa. Hasara nyingine hutokana na wastani: dashibodi inayoonyesha wastani wa dakika 10 inaweza kumeza kabisa mpando wa shinikizo wa sekunde 5, ambao ndio uliopasua kifuniko.

Mtetemo ndio unaotesa zaidi. Mota inayozunguka mara 1,500 kwa dakika huzunguka mara 25 kwa sekunde, na beringi iliyoanza kuchakaa hutoa mitetemo midogo ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kanuni ya Nyquist na Shannon inataka upime kwa kasi inayozidi mara mbili ya tukio unalolitafuta. Kipimo cha mara moja kwa sekunde hakitaiona beringi hiyo kamwe, hata ukikitunza miaka 20. Ndiyo maana uchambuzi wa mtetemo hufanyika palepale kwenye mashine, kwa kifaa kinachopima haraka, kukokotoa, kisha kutuma matokeo machache tu.

Na saa zenyewe lazima zikubaliane. PLC mbili zinazotofautiana kwa sekunde 40 zinaweza kuonyesha vali ikifunguka kabla ya amri ya kuifungua kutolewa, na anayetafuta chanzo cha hitilafu ataanza kumshuku asiyehusika.

Namba iliyo sahihi kwenye skrini isiyosema kweli

Tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island nchini Marekani, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka na kukwama. Taa kwenye meza ya udhibiti ilizimika, na waendeshaji wakaamini vali imefunga. Kumbe taa hiyo ilionyesha kwamba amri ya kufunga imetumwa. Haikuwa imeunganishwa na hali ya vali yenyewe. Maji ya kupoozea kinu yaliendelea kutoroka kwa zaidi ya saa 2. Waya haukuwa na kosa, taa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kile ambacho watu walidhani taa inakisema.

Tarehe 23 Machi 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, mnara wenye urefu wa karibu mita 52 ulijazwa kupita kiasi. Kihisi cha kina kilipima sehemu ya chini tu, takriban mita 3, tena kiliwekewa vipimo vya kimiminika cha uzito tofauti. Mnara ulipokuwa umejaa karibu hadi juu, skrini ilionyesha kina kiko chini ya asilimia 100 na kinapungua. Kiasi kinachoingia na kiasi kinachotoka vilionyeshwa kwenye skrini mbili tofauti, kwa hiyo haikuwa rahisi kwa mtu mmoja kugundua kwamba kinaingia kingi na hakitoki kitu. Mlipuko uliua watu 15 na kujeruhi 180.

Mkasa huo wa pili ndio hoja nzito kuliko zote ya kujenga kile wahandisi wanachokiita modeli ya mali za kiwanda. Badala ya orodha ndefu ya majina kama FT-204 na LT-118, data hupangwa kufuata mitambo: kiwanda, kitengo, mnara, na ndani ya mnara kinachoingia, kinachotoka, kina, joto, pamoja na kizio na mipaka ya kila kihisi. Hapo programu inaweza kulinganisha kinachoingia na kinachotoka na kugutuka, bila kumngoja mtu afungue skrini ya pili. Kazi hii haina mvuto. Inamtaka fundi anayeijua mitambo akae na mtu wa data wapitie kihisi kimoja kimoja, na ndiyo inayokatwa kwanza bajeti inapobana, huku fedha zikienda kwenye rangi na grafu zinazozunguka.

Unapokabidhiwa dashibodi mpya, mwombe aliyeijenga achomoe waya wa kihisi kimoja kisicho na madhara. Namba ikibaki palepale kwa rangi ya kijani, mfumo unakuonyesha kipimo cha mwisho ulichokipata na kukiita cha sasa. Ikigeuka sifuri, umerudi kwenye tangi tupu. Inayotakiwa ni skrini inayobadilika na kusema kwamba hakuna kipimo tangu saa fulani, na data inayokwenda kwa mchambuzi ibebe alama hiyohiyo ya ubovu. La sivyo, programu inayojifunza yenyewe kutokana na data (machine learning) itakuta mstari ulionyooka wa siku 3 na kuuhesabu kuwa ndio wakati ambao pampu ilifanya kazi kwa utulivu kuliko mwaka mzima.