Anza na anayeshika hatamu

Nikiletewa chapa ya mbio za farasi za Uingereza, yaani picha iliyochapwa karatasini kutoka kwenye bamba la shaba, farasi namwacha kwanza. Naanza na aliyeshika hatamu.

Mtazame Eclipse, aliyezaliwa 1764 na kushinda mbio zake zote 18. George Stubbs, mtoto wa fundi ngozi wa Liverpool, alimchora akiwa Newmarket, mji wa mbio za farasi, pamoja na joki, yaani mpanda farasi wa mbio, na mtunzaji wake. Mwenye farasi hayupo. Hakuwa na haja ya kuwapo, maana farasi mwenyewe alitosha kutangaza ukubwa wa bwana wake. Farasi wa mbio walikuwa na nasaba zilizohifadhiwa kama za masultani.

Eclipse alinunuliwa na Dennis O'Kelly, Mwairishi aliyewahi kuwabeba matajiri kwa kiti mitaani London na kufungwa kwa madeni. Alitajirika kwa kutoza ada kwa kila jike aliyepandwa na farasi huyo. Hata hivyo Jockey Club, chama cha vigogo wa mchezo huo, hakikumpokea mpaka anakufa. Kila nikikutana na picha ya Eclipse namkumbuka yeye.

Mchoro wa rangi za mafuta ulibaki ukumbini kwa lodi. Chapa ndiyo iliyotoka nje. Katika akwatinti, njia mojawapo ya kutengeneza chapa, fundi alitandaza unga wa ulimbo juu ya bamba la shaba, akalipasha moto, kisha akalitia kwenye tindikali. Vijishimo vilivyochimbika vilishika wino, ndipo anga na nyasi zikapata kivuli laini. Rangi ya maji ilipakwa kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine. Weka lenzi begani kwa joki: mara nyingi wekundu wa fulana umevuka mstari. Hapo pamepita mkono wa kibarua asiyeandikwa popote. Picha hizo zilitundikwa hadi kwenye vilabu vya pombe, na kabwela asiyemiliki hata punda akamtazama farasi wa lodi huku akinywa bia.

Mwaka 1858 mchoraji William Powell Frith alionyesha *The Derby Day* (Siku ya Mbio za Derby) katika maonyesho ya Royal Academy, chuo cha sanaa cha London. Watu walifurika hadi ikabidi mchoro uwekewe kizuizi, na baadaye ukachapwa. Farasi wako mbali nyuma. Mbele ni umati wa Epsom, zinakofanyika mbio hizo, tabaka zote zimebanana. Katikati, mtumishi anaandaa chakula cha matajiri kwenye nyasi. Baba mwanasarakasi amemnyooshea mwanawe mikono aje waanze mchezo, lakini macho ya mtoto yako kwenye chakula.