Chura Hamfuati Ng'ombe Nyumbani

Wiki iliyopita tena. Nilimtoa mtu kundini, nikaweka tangazo la mistari miwili, na kabla sijaiweka simu chini memba mmoja, wale wa kuonekana siku za vurugu tu, akaandika: "Admini, ungempuuza tu. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji." Akapigiwa mioyo na makofi ya kutosha.

Ni miaka tisa sasa nasimamia makundi ya mashabiki wa tamthilia mtandaoni, na methali hiyo nimeambiwa mara nyingi mpaka nimemchukia chura asiye na hatia. Methali yenyewe haina kosa. Ng'ombe anakunywa, chura analia, ng'ombe anaondoka, kwisha. Lakini chura hamfuati ng'ombe nyumbani. Hahesabu jana alikunywa mafunda mangapi. Haingii inboksi za ndama saa nane za usiku kuwaambia mama yenu mnafiki.

Tatizo ni kwamba tunaita watu wawili tofauti kwa jina moja. Yupo mchokozi. Huyu hana habari na tamthilia wala wahusika wake, anachotaka ni moto, na kundi likimnyima kuni anahamia kwa jirani. Mpuuze, mfute, nenda kalale. Sina zaidi la kusema juu yake.

Halafu yupo mkereketwa aliyegeuka. Huyu anaipenda kazi ile kuliko mimi na wewe. Anakumbuka mhusika alivaa shati gani kwenye kipindi cha tatu cha msimu wa pili. Mara nyingi alikuwa memba bora kabisa: aliandika muhtasari kila wiki, alisahihisha manukuu, aliwakaribisha wageni. Kisha kikatokea kitu kidogo. Posti yake ilifutwa, au nafasi ya uadmini aliyoitarajia akapewa mwingine. Tangu siku hiyo akaacha kuzungumzia tamthilia, akaanza kutuzungumzia sisi. Kelele hazimpi raha yoyote. Anachotaka ni hukumu, na ukiri wako mbele ya kundi zima.

Mwaka 1999 daktari wa magonjwa ya akili Paul Mullen na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 145 waliokuwa na tabia ya kuwaandama wengine, wakawagawa katika makundi matano. Kundi mojawapo ni la wenye kinyongo, na kinachonigusa kila ninapolifikiria ni kwamba mtu wa kundi hilo hujiona yeye ndiye aliyeonewa na sasa anajitetea. Wakereketwa wetu wengi hawafiki kiwango cha watu waliochunguzwa pale. Ila mantiki ni ileile. Ukimnyamazia mtu anayejiona ameonewa, kimya chako anakihesabu kama uonevu mwingine juu ya ule wa kwanza.

Nitoe mfano. Mmoja wao, tumwite Mwenye Jedwali, alinitumia faili. Safu ya kwanza tarehe, ya pili saa, ya tatu jina la memba, ya nne muda niliochukua kufuta posti iliyovunja kanuni. Posti yake yeye: dakika 4. Posti ya mtu anayejulikana kuwa rafiki yangu, kosa lilelile la kufichua mwisho wa kipindi: saa 19. Chini kabisa aliweka wastani, akaupaka rangi nyekundu. Nilikaa na faili lile usiku mzima, na kilichoniuma si matusi, maana hayakuwemo. Hesabu ilikuwa sahihi. Zile saa 19 nilikuwa nimelala, kisha nikaenda kazini, lakini jedwali halina safu ya usingizi.

Sasa turudi kwenye huku "kupuuza". Msimamizi anayeniambia amempuuza mtu, nikimwomba anionyeshe mazungumzo, karibu kila mara nakuta hakumpuuza. Alinyamaza siku kumi. Siku ya kumi na moja alikuwa amechoka, mtoto analia, chaji asilimia sita, akajibu aya nne kwa hasira. Kisha akanyamaza tena, akajisifu kwa uvumilivu.

Hapo umefundisha. Wanasaikolojia Ferster na Skinner, katika kazi yao ya mwaka 1957, walionyesha kwa njiwa jambo ambalo kila admini angepaswa kulibandika ukutani: njiwa anayepata punje mara mojamoja, bila kujua ni lini, huendelea kudonoa muda mrefu zaidi punje zikikatika kuliko yule aliyezoea kupata kila anapodonoa. Jibu lako la siku ya kumi na moja ndiyo punje. Mtu wako hakujifunza kwamba hujibu. Amejifunza bei: jibu la admini linagharimu ujumbe arobaini na tatu, na yeye anao muda wa kutosha kuandika arobaini na tatu mingine.

Kuna na kero nyingine. Unapoacha kujibu kabisa, kwanza anaongeza kasi. Ujumbe unakuwa mara mbili, akaunti mpya zinazaliwa, sauti inabadilika kutoka malalamiko hadi maombi hadi matusi, wakati mwingine yote ndani ya saa moja. Ukifungua unaona "anaandika…" inatokea, inapotea, inatokea. Hapo ndipo wasimamizi wengi huvunjika, kwenye kilele hasa, na kumpa punje kubwa kuliko zote.

Tena wewe si kundi. Wewe umenyamaza, lakini kuna watu mia sita humo, na mmoja ambaye hajalala atamjibu kwa kibandiko cha kucheka. Kupuuza kwa mtu mmoja katikati ya mia sita ni kufunga dirisha la nyumba isiyo na paa.

Ninachofanya mimi ni jibu moja la mwisho, halafu mlango. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo watu wanapoharibu hata wakiwa na nia njema. Jibu lenyewe linaonekana hivi: "Tumekutoa kundini. Uamuzi huu hautajadiliwa tena. Ujumbe mwingine hautajibiwa." Basi. Hakuna "samahani kwa usumbufu". Hakuna "tunathamini mchango wako". Na hakuna sababu.

Hili la sababu hunigombanisha na kila admini mpya. Wanaona ni ukatili kumtoa mtu bila kumweleza kwa kirefu. Lakini sababu alishapewa, mara tatu, nne, huko nyuma alipokuwa akionywa. Siku ya kumtoa, kila sababu unayoongeza ni mpini unaomkabidhi aushike. Mwenzangu mmoja aliwahi kuandika hoja saba, kwa upole, kwa Kiswahili safi kabisa. Kesho yake zikarudi hoja saba zimejibiwa, kila moja ina (a), (b) na (c).

Neno baya kuliko yote ni "kwa sasa". "Kwa sasa tumeamua kukutoa." Kwa sasa! Mlango huo umerudishiwa tu, haukutiwa komeo, na yeye atakaa barazani mpaka uchakae. Wasimamizi huliandika kwa sababu linawapa wao nafuu, linapunguza makali. Kama una aibu kumwambia mtu hapana, usimwambie bado.

Mengine kwa haraka. Ukimtoa, badilisha linki ya mwaliko papo hapo, la sivyo anarudi kwa namba nyingine kabla hujamaliza kusonya. Kwa walioko WhatsApp: kumbloku mtu hakukufichi mkiwa kundi moja, bado mnasomana, na namba zenu wote anaziona, kwa hiyo waambie memba mapema kwamba huenda akawafuata mmojammoja na kwamba wasijibu. Telegram ina mwendo wa polepole unaoweza kumlazimisha mtu kusubiri hata saa nzima kati ya ujumbe na ujumbe, utumie siku za joto. Skrinshoti zote zionyeshe tarehe. Akitaja unapoishi, unapofanyia kazi au watoto wako, hiyo si kazi ya admini tena, nenda polisi na hizo skrinshoti.

Na kupuuza hakumaanishi kutosoma. Lazima mtu asome, kwa sababu kitisho cha kweli huja kimefungwa ndani ya upuuzi mwingi. Ila asisome yule anayeshambuliwa. Mpe mwingine mwenye ngozi ngumu, asome mara moja kwa siku, mchana, ahifadhi, afunge.

Je, njia hii inafanya kazi? Mara nyingi. Lakini kuna mawili yananisumbua. La kwanza, niliwahi kuvunja kanuni zangu zote nikampigia simu mmoja wao. Tuliongea saa mbili. Alilia kidogo, mimi nikalia kidogo, na hakusumbua tena mpaka leo. Mwingine nilimpigia simu vilevile, akairekodi na kuikata vipande. Mpaka leo sijui ni kitu gani ningeangalia mwanzoni ili niwatofautishe. Waliandika karibu sawa.

La pili ni Mwenye Jedwali. Mwaka mmoja baada ya kumtoa nilimkuta katika kundi jingine. Anasahihisha manukuu, anakaribisha wageni, anatania. Wasimamizi wa kule wanampenda. Nilitoka kimyakimya kabla hajaniona, na tangu hapo posti zote za kufichua mwisho wa kipindi nazifuta kwa kengele ya simu, awe rafiki au nani.

Yule wa methali nilimpa kazi. Nilimwambia, kwa kuwa unajua kupuuza, wiki hii wewe ndiye utakayesoma ujumbe wa yule tuliyemtoa, usimjibu, hifadhi tu. Akakubali kwa kibandiko cha ng'ombe. Jana usiku, siku ya nne, nikaona amemjibu. Aya nne, na ya mwisho inaanza na "kwa sasa".