Nyumba ya Bati Hufunguliwa, Haibomolewi

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji uliochipuka kando yake ulikuwa wa mbao na mabati. Nyumba nyingi za wakati huo zimekwisha. Zilizosalia ziko hatarini kila kiwanja kinapouzwa, kwa sababu mnunuzi wa vyuma chakavu hufika upesi kuliko sisi wahifadhi.

Nyumba iliyotoka kiwandani vipande vipande ilifungwa kwa bolti na skrubu, kwa hiyo inafunguka. Ila ikifunguliwa bila kumbukumbu, kinachobaki ni rundo la chuma. Ndiyo maana mwanzoni hatushiki spana. Tunapiga picha kila ukuta, tunachora, tunapima, kisha kila kipande kinapewa namba yake: upande gani, safu ipi, cha ngapi kutoka kushoto. Chaki haifai, mvua moja ya Aprili inaifuta. Tunafunga kitambulisho cha plastiki kwenye tundu la bolti.

Halafu tunaufuata ujenzi kinyumenyume: kilichofungwa mwisho kinatoka kwanza. Kabla ya kuta kutolewa, fremu inaegemezwa kwa mbao, maana mara nyingi ni bati lenyewe linaloizuia isiyumbe. Bolti iliyoshikwa na kutu hutiwa mafuta na kuachwa hadi kesho yake. Nawasihi mafundi waweke grainda, mashine ya kukatia chuma, kando: cheche zake huunguza zinki inayolikinga bati, na vumbi la rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, sumu kwa anayelivuta.

Wengi huharibu mali ghalani. Mabati yaliyopangwa yakiwa na unyevu huota kutu nyeupe, hata kama ni mazito kuliko bati jembamba la geji 30 la siku hizi. Yakaushwe, yatenganishwe kwa vipande vya mbao. Wakati wa kuyarudisha, skrubu ya shaba isiguse zinki. Penye maji, zinki ndiyo italika.

Marekani, kati ya 1948 na 1950, kampuni ya Lustron ya Columbus, Ohio, ilitengeneza nyumba za chuma zipatazo 2,500 zilizopakwa enameli, kama vikombe vyetu vya chai. Enameli ikibanduka, kutu huanzia hapo hapo, kwa hiyo kila paneli hubebwa kama sahani.

Hapa Afrika, nyumba za chuma na alumini za Mfaransa Jean Prouvé zilijengwa Niamey mwaka 1949 na Brazzaville mwaka 1951. Baadaye zilifunguliwa zikapelekwa Ufaransa, na mwaka 2007 moja ikauzwa New York kwa karibu dola milioni 5. Chuma kiliokoka, lakini mtoto wa Brazzaville leo haioni nyumba hiyo mtaani kwao. Mimi nahesabu hiyo kuwa hasara.

Kenya inayo Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006, na jengo lililotangazwa kuwa turathi haliguswi bila kibali. Kama lako halijatangazwa, lipige picha kwa simu pembe zote nne, ndani na nje, kabla ya bati la kwanza kushuka, kisha waulize watu wa makumbusho.